Epoksi ya Zamani: Ing'olewe Yote au Iliyolegea Tu?

Tuchukue gereji moja ya mfano, ya aina ambayo Dar es Salaam imejaa. Iko upande wa chini, kwenye mteremko wa kuelekea bonde la Msimbazi. Ukumbi wake una mita za mraba 180, lifti mbili za kunyanyulia magari, kona ya kuoshea injini, na ofisi ndogo yenye dirisha la kuangalia kazi. Sakafu ilipakwa epoksi ya kijivu miaka kadhaa iliyopita. Siku zile nati ikidondoka ilionekana ilipo, na oili ikimwagika ilifutwa kwa kitambaa ikaisha. Sasa epoksi imetoka mabaka mabaka: chini ya matairi ya magari yanayolala ndani, kando ya mfereji wa kuoshea, na mstari mrefu katikati ambako jeki la magurudumu hupita kutwa nzima. Kwingine bado imeshika, ngumu, haina hata mkwaruzo.

Mwenye gereji anataka sakafu mpya. Ubishi ni juu ya ile ya zamani. Wanaozungumza ni wanne: Mama mwenye gereji; Fundi rangi, mtu mzima aliyepaka sakafu nyingi za jiji hili; Injinia, binti aliyesomea vifaa vya ujenzi; na Kijana, msaidizi wa Fundi, ambaye ndiye atakayeshika mashine kazi ikianza. Nami nitaingia mara mojamoja, maana nina upande katika jambo hili na sioni sababu ya kuuficha. Naona kazi hii hupangiwa bei bila kumhesabu anayepiga magoti, na ndiyo maana njia mbaya huonekana nafuu.

MAMA: Mimi sina maneno mengi. Gereji ikifungwa, wateja wanahamia kwa jirani, na wengine hawarudi. Nawapa kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Iliyobanduka kila mtu anaiona. Ikwanguliwe hiyo, iliyoshika iachwe, ipakwe juu, tuendelee na kazi.

FUNDI: Namuunga mkono Mama, na si kwa sababu ndiye anayelipa. Chukua kisu, chora alama ya X kwenye ile epoksi iliyo kati ya lifti mbili, bandika selotepu juu yake, ivute kwa nguvu. Hakitoki kitu. Rangi iliyoshika namna ile ni msingi mzuri kabisa wa koti jipya. Napiga msasa mpaka mng'ao wote uondoke, naondoa vumbi, napitisha tina kwa kitambaa safi, kisha napaka. Ukiing'oa ile unaharibu kitu kizima kwa sababu tu kimepakana na kibovu.

INJINIA: Mzee wangu, kipimo hicho cha kisu na selotepu ni kipimo halali, nasi shuleni tulifundishwa. Na ni kweli epoksi iliyoshika vizuri inapakika juu. Ninachokataa ni kuamua tunatoa kiasi gani kabla ya kujua ile nyingine ilitoka kwa nini. Mdogo wangu, hebu niletee vipande viwili vitatu, kimoja kutoka chini ya tairi, kingine kutoka kule mferejini.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini. Kipande cha epoksi kilichobanduka kina pande mbili, na karibu kila mtu huangalia upande wa juu. Habari iko upande wa chini. Ukikuta umeng'ang'aniwa na unga mweupe, na ukiuparua kwa ukucha unga unazidi kutoka, basi epoksi haikuachia. Kilichoachia ni zege. Sakafu zetu nyingi humaliziwa kwa niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma. Niru hupendeza macho, lakini mara nyingi ni ngozi nyembamba isiyoshikana vizuri na kilicho chini yake. Epoksi ni kali, inaposinyaa au kuvutwa huiinua ngozi hiyo. Ukikuta upande wa chini ni laini na unang'aa sawasawa na wa juu, ujue rangi ilipakwa juu ya sakafu ambayo haikukwaruzwa, haikupata pa kushika. Ukikuta weusi unaoteleza kidoleni, hiyo ni oili iliyozama kwenye zege kabla ya siku ya kupaka. Na ukikuta majimaji, au chumvi nyeupe imeganda pale kilipotoka, jibu liko ardhini.

KIJANA: Hiki cha chini ya tairi ni laini kote. Hiki cha mferejini nyuma kina maji, na pale kilipotoka pana malengelenge mengine bado hayajapasuka. Nimetoboa moja, limetoa maji.

INJINIA: Basi tuna magonjwa mawili kwenye sakafu moja. La kwanza ni la tairi. Epoksi inayojikausha kwa hali ya hewa tu, bila tanuri, huanza kulegea ikipata joto la nyuzi 50 au 60 hivi. Gari limetoka Chalinze saa nane mchana, lami inachemka, matairi ya moto. Linaingia hapa, linasimama. Rangi chini ya tairi inalegea, mafuta yaliyomo kwenye mpira yanahamia kwenye rangi, na tairi likipoa linasinyaa likiwa limeishika. Kama zege lilikwaruzwa vizuri, rangi hustahimili. Hapa halikukwaruzwa.

FUNDI: Na la pili ni la unyevu, hilo silipingi. Chini ya zege hili sidhani kama aliyejenga aliweka nailoni nzito. Bonde hili kila mtu analijua.

INJINIA: Ndiyo hivyo, baba. Zege lina vinyweleo. Bila nailoni chini, mvuke wa ardhini unapanda kila siku, na sakafu ikiwa tupu unapotea hewani bila mtu kuuona. Ukipaka epoksi umeuziba. Unakusanyika chini ya rangi, unayeyusha chumvi za saruji, chumvi inavuta maji zaidi, lengelenge linainuka. Hapo hata mkikwangua kwa ustadi wote wa dunia, mkipaka aina ileile, itatoka tena.

MAMA: Nimeuliza habari ya kukwangua, mnanijibu habari ya maji ya ardhini.

INJINIA: Kwa sababu, Mama, kukwangua ndiko kunakogharimu. Rangi mpya ni sehemu ndogo ya fedha utakazotoa. Ukilipia kukwangua mara mbili ndani ya miaka mitatu, ni afadhali ungebaki na mabaka.

FUNDI: Kipimo cha unyevu nakijua. Nailoni ya upana wa sentimita 46 kila upande, unaibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne, unaiacha saa 16 au zaidi. Ukiinua ukakuta matone, au zege limekuwa jeusi, kuna maji. Nimeshafanya kwenye ghala, Agosti, pakawa pakavu kabisa.

INJINIA: Agosti! Rudi mwezi wa nne, mzee wangu, masika ikiwa imekolea, ujaribu palepale. Nailoni inakwambia habari za siku ile tu. Afadhali kutoboa tundu mpaka asilimia 40 ya unene wa zege, kutia kipimo cha unyevu, kuziba, kusubiri, halafu kusoma. Unyevu ulio ndani hauondoki kwa jua la wiki mbili.

Katika hili namuunga mkono Injinia moja kwa moja. Pwani yetu ina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli mwishoni mwa mwaka, na karibu kila sakafu inayopakwa hupakwa kiangazi, wakati ardhi imekaa kimya. Kisha inakuja Aprili na lawama zinamwangukia aliyepaka, au kiwanda cha rangi, wakati kilichokosekana ni kipimo kimoja kwa msimu unaofaa.

Turudi kwenye swali la kwanza. Yote au iliyolegea?

INJINIA: Mimi nasema yote. Iliyoshika na iliyotoka zilipakwa na mtu mmoja, siku moja, juu ya sakafu moja ambayo haikukwaruzwa. Iliyoshika imeshika kwa kuwa bado haijapata tairi la moto juu yake. Ukipanga upya maegesho, au ukiongeza lifti ya tatu, patabanduka na hapo, safari hii pamoja na rangi mpya iliyo juu yake. Na kisu kinapima pale kilipochora tu.

FUNDI: Basi tuchore pengi! Sakafu ni mita 180, nani amesema tupime mahali pamoja? Nitapiga nyundo ndogo kila hatua. Palipoachia panalia tupu, sikio halidanganyi. Pia kuna kile kipimo chenu cha kugundisha kitufe cha chuma na kukivuta kwa kipima nguvu. Kileteni. Kikivumilia, mna sababu gani ya kuing'oa? Kuing'oa si bure. Kila mita mnayoisaga bila sababu ni vumbi, ni umeme, ni meno ya mashine, ni siku ya Mama, na ni zege zima mnalolila.

INJINIA: Kikivumilia megapaskali moja na nusu kila tunapovuta, na kilichovunjika kiwe zege lenyewe badala ya rangi kuachia, nitakaa kimya.

FUNDI: Nimekusikia. Andika hiyo.

Kwa mawazo yangu, Fundi ameshinda raundi hii, na ameishinda kwa hoja ya haki. Wataalamu wengi hukimbilia "ondoa yote" kwa sababu ni jibu linalowalinda wao: sakafu ikiharibika baadaye, hakuna wa kuwauliza. Anayelipia usalama huo wa karatasi ni mwenye gereji kwa fedha zake, na Kijana kwa mapafu yake. Mita moja isiyosagwa kwa sababu nzuri ni mita moja ya vumbi ambalo halikuzaliwa.

Bado iko ile iliyoachia, ambayo lazima itoke, na pembezoni mwake panapotakiwa kufuatwa mpaka rangi ikatae kabisa kuinuka. Itoke kwa njia gani?

FUNDI: Mimi nina dawa. Unapaka, unafunika na nailoni, inavimba, unaikwangua kwa chepe bapa. Haina vumbi, haina kelele, haihitaji mashine ya kukodi.

INJINIA: Dawa gani, mzee?

FUNDI: Ile yenye nguvu. Tina haiwezi, petroli haiwezi, magadi ya kuchubulia rangi ya mafuta hayaigusi kabisa.

Ni kweli haviwezi, na sababu yake inafaa kujulikana. Epoksi huja katika makopo mawili, resini na kigumisho chake. Vikichanganywa vinaungana, molekuli kwa molekuli, kuwa kitu kimoja kilichofungamana pande zote. Kufungamana huko hakurudi nyuma: ukiipasha moto haiyeyuki ikawa uji tena, ukiimwagia tina haizimuki. Magadi nayo hayafui dafu, kwa kuwa zege lenyewe lina magadi na epoksi ilichaguliwa kupakwa juu yake kwa kuwa inayastahimili. Kitu kilichokuwa kikiivimbisha haraka ni dikloromethani, na hapo ndipo ninapomsimamisha Fundi kwa heshima zote.

Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Dar es Salaam ya mchana, ndani ya ukumbi wenye paa la bati, haiko mbali na hapo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi kutafuta dirisha. Unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la kukagulia magari, unamkuta mtu aliyepiga magoti na chepe mkononi pua yake ikiwa nusu mita kutoka chini. Ukishaingia mwilini, ini huugeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Barakoa zenye vichujio vya kawaida hazidumu mbele yake. Nchini Marekani, mafundi 13 waliokuwa wakichubua rangi kwenye mabafu walikufa kati ya mwaka 2000 na 2011, wengi wao wakiwa peke yao ndani ya chumba kidogo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2009 kuziondoa dawa hizo mikononi mwa watu wa kawaida; Marekani ilizuia zisiuzwe kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019, na mwaka 2024 ikapiga marufuku matumizi mengine mengi. Kopo lisilo na maandishi yanayosomeka kuhusu kilichomo lisifunguliwe ndani ya gereji ya mtu yeyote.

FUNDI: Mimi nimeitumia miaka na nipo.

KIJANA: Fundi, samahani. Kule kwenye ghala wewe ulikuwa mlangoni ukituelekeza. Sisi ndio tulioinama. Mwenzangu alianza kuyumba na kuumwa kichwa tukadhani ni njaa.

(Fundi anakaa kimya kidogo.)

FUNDI: Hilo hukuniambia.

KIJANA: Ningekuambiaje, na kazi niliitaka?

INJINIA: Ziko dawa zenye pombe ya benzili, hizo ni nafuu kwa mwili ingawa nazo zinahitaji glavu nzuri na hewa. Zinakwenda polepole, saa nyingi, pengine usiku kucha. Kwa kona na nyuma ya nguzo za lifti, ambako mashine haifiki, nazikubali. Kwa ukumbi mzima sikubali: sehemu ya dawa inazama kwenye vinyweleo vya zege, na isipooshwa ikatoka yote, koti jipya halitashika.

MAMA: Na moto? Nimeona mtu akitumia mtungi wa gesi na bomba la kuchomea.

INJINIA: Ndani ya gereji yenye petroli na matambara ya oili, Mama, hapana. Moshi wa epoksi ni sumu, na maji yaliyomo kwenye zege yanageuka mvuke ghafla, zege linapasuka vipande.

Moto hauhitaji zaidi ya hayo. Imebaki mashine, na mashine ndiyo njia sahihi. Ila ndiyo njia ambayo tukiifanya vibaya inamharibu mtu bila yeye kujua siku ile.

KIJANA: Acheni niseme mimi, maana hii ndiyo nimeifanya zaidi. Unapewa grenda ya mkono yenye sahani ya almasi. Unapiga magoti. Dakika kumi, mlango huuoni. Barakoa ni kitambaa, au fulana umejifunga usoni. Jioni unapenga kamasi nyeupe. Ukimaliza, mwenye kompresa anakupulizia nguo vumbi litoke, na wote mnacheka. Kesho yake tena.

INJINIA: Zege ni mchanga na kokoto, na mchanga ni silika. Vumbi unaloliona likitua kwenye kope si lile ninaloliogopa. Hilo linakwama puani. Ninaloliogopa halionekani, linakaa hewani saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, na linafika chini kabisa kwenye mapafu. Likifika huko linatia makovu. Makovu hayo ndiyo silikosisi, na hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Na mwenye makovu hayo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine.

Nchi hii inaujua ugonjwa huo kwa majina ya mahali. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani wameishi nao, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imewahudumia wakiwa na kifua kikuu na silikosisi kwa pamoja. Tofauti ya mchimbaji na fundi wa sakafu ni kwamba hakuna anayetarajia kumkuta fundi wa sakafu na ugonjwa wa mgodini, kwa hiyo hakuna anayemuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka vumbi la silika katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, iliweka kiwango cha juu cha mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa nane.

Nimeipigia hesabu gereji yetu. Ukumbi wa mita za mraba 180 wenye kimo cha mita nne una mita za ujazo 720. Zidisha kwa 50: mikrogramu 36,000, yaani miligramu 36. Vumbi laini la silika la uzito huo, kidogo kuliko chumvi unayoichota kwa ncha za vidole viwili, likitapakaa katika ukumbi mzima linafikisha hewa yote kwenye kiwango hicho cha mwisho. Grenda moja isiyo na kifuniko hukipita ndani ya muda mfupi mno.

MAMA: Sasa mnanitisha. Kuna namna ya kuifanya salama au nifunge?

INJINIA: Ipo, na si ya ajabu. Tunakodi mashine inayosukumwa ukitembea nyuma yake, yenye kichwa cha milimita 250 na sketi ya mpira inayogusa sakafu pande zote, iliyounganishwa na mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio cha hepa, kile cha kunasa vumbi laini kabisa. Kichwani tunafunga kwanza meno ya kuparua yenye almasi, yanaichana epoksi bila kuisaga kuwa unga. Rangi ikishatoka ndipo tunaweka almasi ya kusagia, ya punje kubwa, kulikwaruza zege. Pembeni tunatumia grenda ya mkono yenye kifuniko na bomba la kunyonyea. Anayeendesha anasimama wima, hapigi magoti.

FUNDI: Umeme je? Plagi ya ukutani ni ampia 13.

INJINIA: Kwa volti 230 hiyo ni kama kilowati tatu, na mashine ndogo inatosha humo. Ila mashine ya kusaga na ya kunyonya zisitoke kwenye laini moja. Na Mama ana fezi tatu ya lifti, kwa hiyo hata kubwa inawezekana.

KIJANA: Kuna mahali rangi ni laini, nadhani kigumisho kilipungua siku ya kuchanganya. Pale almasi inajaa gundi, inateleza tu. Kule ghalani tulikuwa tunamwaga mchanga mkavu chini ya mashine, unasafisha meno.

INJINIA: Unasafisha meno na kuongeza silika hewani. Pale tuendelee na meno ya kuparua, mwendo wa chini, usisimame mahali pamoja rangi ikapata joto. Penye oili tuoshe kwanza kwa sabuni ya kukatia grisi na kuikausha, la sivyo mashine itaipaka oili ukumbi mzima.

KIJANA: Na ukifika kwenye zege utajua. Mlio unabadilika, unakuwa mkavu, na mashine inaacha kuvuta mikono.

FUNDI: Kwa nini tusisage na maji? Vumbi linakufa.

INJINIA: Linakufa likiwa limelowa, likikauka linafufuka. Ule uji una magadi makali ya saruji na vipande vya epoksi. Ukiusukuma kwenye mfereji wa Mama, unaelekea Msimbazi. Na sakafu ambayo tayari ina unyevu tunaimwagia maji mengine. Tusage kavu, tunyonye. Vumbi liingie kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, mdomo ufungwe. Ufagio mkavu marufuku. Kompresa ya kupuliza nguo marufuku.

FUNDI: Na hizo barakoa za mpira zenye vichujio viwili?

INJINIA: Kwa anayeendesha na kwa aliye karibu naye, hata kama mashine inanyonya. Na inabidi ishike ngozi, mzee wangu. Ndevu zinaacha njia.

FUNDI: Ndevu zangu nazo zimeingia kwenye mjadala. Sawa. Lakini tuseme ukweli mbele ya Mama: nani ananunua vitu hivi? Mimi nimepewa kazi kwa bei ya mita. Nikiongeza mashine ya kunyonya, barakoa na vichujio, jirani yangu asiye navyo anapata kazi, mimi nakaa.

MAMA: Vijana ni wako, Fundi, hawako kwenye orodha yangu ya mishahara.

INJINIA: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

MAMA: Na mwajiri wa huyu kijana ni nani? Mimi nimempa kazi Fundi, Fundi amempa kazi yeye kwa siku.

Hili ndilo swali ambalo hujibiwa kwa ukimya kila siku katika jiji hili, na ukimya huo humwangukia aliye chini. Maoni yangu ni ya kawaida kabisa na nayasema kwa uzito: vifaa hivyo viwe na mstari wao kwenye karatasi ya makadirio, kama rangi ilivyo na mstari wake. Mashine ya kunyonya vumbi, kiasi fulani kwa siku. Barakoa na vichujio, kiasi fulani. Mwenye kazi asiombwe kuwa na huruma. Aombwe kulipia kitu kilichoandikwa. Na anayelinganisha makadirio mawili, moja lina mstari huo na jingine halina, ajue kwamba zile bei mbili si za kazi moja. La bei ndogo halikuipunguza gharama. Limeihamishia kwa mtu ambaye atadaiwa akiwa na miaka arobaini.

MAMA: Kijana, wewe ungependa nini?

KIJANA: Mimi? Nifanye kazi, nilipwe. Nikipewa barakoa nzuri nitaivaa, wengine wanasema inabana lakini nitaivaa. Na iandikwe kwenye hiyo karatasi, maana ikiachwa kwa maneno, siku ya kazi inakuwa imesahaulika nyumbani.

MAMA: Iandikwe. Na muda?

FUNDI: Siku ulizotupa hazitoshi kwa ukumbi mzima. Tugawe: tutundike pazia la nailoni kutoka darini mpaka chini, lifti moja iendelee kufanya kazi huku tukisaga upande mwingine.

INJINIA: Pazia lifungwe vizuri chini na pembeni, na upande tunaosaga mashine ya kunyonya isizimwe mpaka robo saa baada ya kumaliza.

Wakati huo ndipo ugomvi wa mwisho ulipoibuka, nao ni wa kweli, kwani wanaougombea wote wawili wana hoja. Injinia anasema kona ya kuoshea isirudishiwe epoksi kabisa. Rangi itoke, zege lisagwe mpaka liwe na mikwaruzo midogo, limwagiwe kimiminika cha silikati kinachoungana na chokaa iliyomo kwenye saruji na kulifanya gumu, lisitoe vumbi. Mvuke wa ardhini upite utakavyo. Hakuna rangi ya kuinua.

FUNDI: Na oili? Silikati haizuii doa. Wiki ya kwanza tu pale patakuwa peusi, mteja ataingia aone gereji chafu, na Mama atanipigia simu mimi. Kuna praima za epoksi za kuzuia unyevu.

INJINIA: Zipo, na zina kikomo cha unyevu kilichoandikwa kwenye kopo. Tupime kwanza tujue kama tuko ndani ya kikomo hicho. Doa jeusi linaoshwa, lengelenge haliponi.

FUNDI: Doa la oili kwenye zege halioshwi likaisha, binti yangu. Hilo nimeliona mimi, si kitabu.

Hawakukubaliana, na mimi siwalazimishi. Walichokubaliana ni hiki. Matundu ya kupima unyevu yatobolewe sasa, na yasomwe tena masika ikiwa imekolea, kabla ya uamuzi juu ya kona ya kuoshea. Chini ya maegesho na kwenye njia ya jeki rangi itoke yote. Ule ukanda ulio kati ya lifti mbili uvutwe kwa kitufe cha chuma mahali tisa. Penye kushindwa pasagwe, palipovumilia papigwe msasa pabaki. Kazi ya kupaka ifanywe Julai au Agosti, kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekwisha, sakafu ikiwa na joto la angalau nyuzi tatu juu ya lile la umande kutua; epoksi inayokauka kwenye hewa nzito ya alfajiri hutoa utando wa mafuta juu yake, na koti la pili halishiki hapo.

MAMA: Fundi, nataka hayo makadirio mapya Jumatano, mstari kwa mstari. Na uje na jina la anayekodisha hiyo mashine ya kunyonya, nimpigie mimi mwenyewe.